Nishani Halisi na Nishani Bandia

(Mazungumzo yaliyotolewa kwa wanafunzi na kwa wanachama wa chama chetu cha waliosoma hapa, jioni ya siku ya mkutano wa mwaka, katika ukumbi wa chakula.)



 Barua ya Mwenyekiti ilinitaka nizungumze juu ya jambo lolote litakalowafaa vijana. Nilitaka kuzungumza juu ya utumishi wa Serikali, lakini mke wangu alinionya kwamba vijana watakuwa wamelala kabla sijafika kwenye Kanuni za Kudumu. Kwa hiyo nimeziacha Kanuni nyumbani, na badala yake nimekuja na nyota hii.

Nitaipitisha mstari kwa mstari, na kila mmoja aishike. Mnaona ni nyota nyekundu yenye ncha tano, na katikati amesimama askari mwenye bunduki. Inafanana na nishani ya Nyota Nyekundu ya Umoja wa Kisovieti. Ishikeni, ipimeni kwa mkono, itazameni mbele na nyuma. Baadaye nitawauliza kama ni halisi au ni bandia.

Asili ya jambo hili iko hapa hapa shuleni. Waliokuwa pamoja nami hadi mwaka 1999 watakumbuka kwamba mwalimu wetu wa fizikia alisomea Umoja wa Kisovieti miaka ya 1980, na kwamba siku za sherehe alivaa kotini beji ndogo yenye umbo la uru kama lile la karata. Sisi tulidhani ni beji ya jeshi, na tulimwogopa zaidi kwa sababu hiyo. Siku moja nikapata ujasiri wa kumwuliza. Akacheka, akasema ni beji ya kuhitimu chuo kikuu, wala hajapata kushika bunduki maishani mwake. Lilikuwa somo langu la kwanza: usimpe mtu sifa wala usimnyime kwa kutazama kifua chake tu. Kwa bahati mbaya sikulielewa mapema.

Mwaka 2001 nilipata nafasi ya kwenda kusoma Moscow. Umoja wa Kisovieti ulikuwa umevunjika miaka kumi nyuma, Desemba 1991, lakini vitu vyake vilikuwa vimejaa masokoni: kofia za jeshi, mikanda, saa, picha za viongozi, na beji kwa maelfu. Nikaanza kukusanya beji, kwa kuwa zilikuwa rahisi hata kwa posho ya mwanafunzi. Kutoka kwenye beji tamaa ikanipeleka kwenye nishani, na huko ndiko nilikokwama.

NISHANI, MEDALI NA BEJI

Kabla sijaeleza nilivyokwama, yafaa tutenganishe vitu vitatu ambavyo watu huvichanganya.

Juu kabisa zilikuwa nishani. Nishani ya Bendera Nyekundu ilianza mwaka 1918, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Nishani ya Lenin na ile ya Nyota Nyekundu zilianzishwa siku moja, tarehe 6 Aprili 1930. Vita na Ujerumani vilipopamba moto ikaja Nishani ya Vita vya Kizalendo, tarehe 20 Mei 1942, na tarehe 8 Novemba 1943 ikaja Nishani ya Utukufu yenye daraja tatu, iliyokusudiwa hasa askari wa kawaida na masajini. Nishani hizi zilitengenezwa kwa fedha au dhahabu, na kila moja ilikuwa na namba yake mgongoni.

Chini yake zilikuwa medali. Iliyopendwa sana na askari ni ile ya Ushujaa, kwa Kirusi Za otvagu, iliyoanzishwa tarehe 17 Oktoba 1938. Ni duara la fedha lenye upana wa milimita 37, lina ndege tatu juu na kifaru chini yake. Ziko pia medali zilizotolewa kwa watu wengi mno. Ile ya Ushindi juu ya Ujerumani ya mwaka 1945 ilitolewa kwa watu karibu milioni 15. Ukiambiwa kwamba medali hiyo ni adimu, jua mara moja kwamba mwuzaji anakudanganya au hajui anachouza.

Tatu ni beji. Nyingine zilikuwa za jeshi na zenye heshima kubwa, kama beji ya Gadi, au zile za mtu aliye hodari kazini. Zilianza mwaka 1942 kwa walenga shabaha, wapiga mizinga na wenzao, na mwaka 1943 zikaongezwa za madereva, waokaji mikate na wapishi. Naam, wapishi. Naona wanafunzi mnacheka na kutazama dirisha la jikoni. Chekeni, lakini mkumbuke neno hilo, maana tutalirudia. Nyingine zilikuwa za michezo, za viwanda, za miji na za vyama. Hizo zilitolewa kwa wingi usiohesabika.

NILIVYONUNUA

Majira ya baridi ya mwaka 2003 nilikuwa katika soko moja la vitu vya zamani. Mwuzaji alinivuta pembeni, akatoa mfukoni Nyota Nyekundu na kitabu kidogo chekundu. Akanieleza kwamba kila aliyepewa nishani alipewa na kitabu, ambamo huandikwa jina lake, aina ya nishani na namba yake. Akasema: hii nyota ina kitabu chake, kwa hiyo haina shaka hata kidogo. Nilitazama kitabu, nikaona muhuri na wino uliopauka, nikasadiki. Nikampa posho ya miezi miwili. Sikuilinganisha namba ya kitabuni na ile ya mgongoni mwa nyota. Kijana wa sayansi, aliyefundishwa katika shule hii kupima kila kitu mara mbili, sikupima hata mara moja.

Bwenini kwetu alikuwapo mzee mmoja, mlinzi wa zamu. Kabla ya kustaafu alikuwa fundi wa kiwandani, kazi yake kuchonga namba na maandishi kwenye vyombo vya kupimia. Nilimwonyesha nyota yangu kwa kujigamba. Hakusema kitu. Alivaa miwani, akatoa kwenye droo kioo cha kukuzia, akaivuta taa karibu. Kisha akanifundisha kwa majuma kadhaa mambo ambayo nitayaeleza sasa kwa ufupi.

MASOMO YA MZEE

Somo la kwanza ni mizani na rula. Serikali haitengenezi nishani kwa kukisia. Nyota Nyekundu ni ya fedha, uzito wake ni gramu 33 hivi, na kutoka ncha hadi ncha iliyo mkabala wake ni kati ya milimita 47 na 50. Yangu ilikuwa pungufu kwa uzito na kwa upana. Mzee akanieleza sababu. Mwigaji huchukua nishani halisi, huikandamiza ili kupata kalibu, halafu humimina humo madini yaliyoyeyuka. Madini yakipoa husinyaa, na ndiyo maana nakala hutoka ndogo kidogo kuliko mama yake. Sumaku nayo husaidia, kwa kuwa fedha haivutwi na sumaku. Lakini isipovutwa usifurahi upesi, maana shaba haivutwi pia.

Somo la pili ni namna ilivyotengenezwa. Nishani halisi iligongwa kwa mashine yenye nguvu nyingi katika kiwanda cha sarafu. Kitu kilichogongwa huwa na kingo kali, na uwanda wake ni laini kama sarafu mpya. Kitu kilichosubiwa huwa na vitundu vidogo vya hewa, na herufi zake huonekana kama sabuni iliyokwisha tumika. Kuizunguka picha ya askari kuna maandishi ya wito wa wafanyakazi wa nchi zote kuungana. Mzee aliniambia nizisome herufi zote chini ya kioo, moja baada ya nyingine. Kwenye nyota yangu baadhi ya herufi zilikuwa zimevimba na kugusana.

Somo la tatu ni rangi. Wekundu wa nishani ya kweli ni unga wa kioo uliowekwa juu ya fedha na kuchomwa tanuruni mpaka ukayeyuka. Huwa mgumu, una kina, na ukigongwa hubanduka kama ukingo wa sahani ya udongo. Wekundu wa bandia mara nyingi ni rangi ya gundi iliyomiminwa ikiwa baridi. Mzee aliikandamiza sindano kwenye ncha moja ya nyota yangu, ikaacha kovu. Mtaliona kovu hilo ikiwafikia. Alinionya kwamba jaribio hili lisifanywe kwenye kitu kinachodhaniwa kuwa cha kweli, kwa sababu atakayekiharibu halisi ili kuthibitisha uhalisi wake ni sawa na mganga amwuaye mgonjwa ili ajue ugonjwa.

Somo la nne ni mgongo. Watu hutazama uso, mjuzi hugeuza. Nyuma ya Nyota Nyekundu kuna skrubu na nati ya kuibana kotini, kwa kuwa nishani hii huvaliwa upande wa kulia wa kifua, bila utepe. Kuna maneno Monetny Dvor, yaani Kiwanda cha Sarafu, na kuna namba. Hapa mzee alikuwa katika uwanja wake. Alinionyesha kwamba mkono wa fundi huacha mifereji yenye mwanzo mwembamba na tumbo pana, na kila tarakimu ina tabia ya aliyeichonga. Kwenye yangu namba ilikuwa imesubiwa pamoja na nyota yenyewe. Ikawa dhahiri kwamba nyota nyingi zilizotoka kwenye kalibu ile zilikuwa na namba ile ile. Yaani wako watu wengine duniani wenye pacha wa hii yangu, na kila mmoja anaamini kuwa yake ni ya pekee.

Somo la tano ni wakati. Kila kitu kina zama zake, na uongo mara nyingi hukamatwa kwa kuchanganya zama. Medali ya Ushujaa ilipoanza ilining'inia kwenye kibati cha mstatili chenye utepe mwekundu. Mwezi Juni 1943 ukaja utaratibu mpya wa kibati chenye pembe tano, na utepe wake ukawa wa kijivu wenye mistari miwili ya buluu. Ndiyo maana aliyepewa mwaka 1942 alivaa moja, na aliyepewa mwaka 1944 akavaa nyingine. Vivyo hivyo, Nishani za Vita vya Kizalendo za wakati wa vita ziliunganishwa kwa vipande mbalimbali. Mwaka 1985, ushindi ulipotimiza miaka 40, zikatolewa nyingine kwa mamilioni ya askari wa zamani waliokuwa bado hai, na hizo ziligongwa kipande kimoja. Zote mbili ni halisi, ila anayekuuzia ya 1985 akisema ilikuwako mapiganoni ameichafua kwa maneno nishani isiyo na kosa.

Mfano mwingine mtaupenda. Medali ya Ushindi juu ya Ujerumani na ile ya Ushindi juu ya Japani zote zina sura ya Stalin. Kwenye ya Ujerumani anatazama kushoto, na kwenye ya Japani anatazama kulia. Chukueni ramani mtaelewa. Kushoto ni magharibi, iliko Ujerumani. Kulia ni mashariki, iliko Japani. Mwanafunzi wa jiografia hahitaji kioo cha kukuzia kwa hilo.

Mzee alinipa pia tahadhari. Usikimbilie kuhukumu. Mtu akipoteza nishani kwa sababu isiyo kosa lake, aliweza kupewa nyingine yenye namba ile ile na herufi D ya Kirusi, maana yake nakala ya pili. Mtu asiyejua angeiita bandia. Kuna iliyopigwa na risasi, kuna iliyobadilishwa skrubu kwa kuchakaa, kuna ambayo mwenyewe aliisugua kwa majivu kila mwaka mpaka sura ikafutika. Ukali usio na elimu huwadhulumu wenye haki.

KITABU

Tulipokwisha kuichambua nyota nilikuwa nimekwisha kata tamaa, lakini nilibaki na faraja ya kitabu. Mzee akakichukua, akakitazama kwa muda mrefu kuliko nyota. Karatasi, muhuri, mwandiko, vyote vilikuwa sawa. Kisha akaninyoshea kidole mahali pa namba. Ya kitabuni haikufanana na ya nyota hata kidogo.

Akasema maneno ambayo sijayasahau: "Kijana, nyota yako ni uongo mtupu, na uongo mtupu hauna mwenyewe. Lakini kitabu hiki ni cha kweli, kina jina la mtu. Hiki ndicho kitakachokunyima usingizi."

Akanieleza nisilolijua. Nishani za taifa hazikuwa mali ya kuuza. Zamani nyingi zilirudishwa serikalini mwenye nazo alipofariki, na Nishani ya Vita vya Kizalendo ndiyo iliyotangulia kuachiwa familia iwe kumbukumbu. Hata leo, kifungu cha 324 cha sheria ya jinai ya Urusi kinahesabu kuwa kosa kununua au kuuza nishani na medali za taifa, zikiwamo za Kisovieti. Kwa hiyo mimi, mgeni mwenye kufadhiliwa masomo, kama nyota ile ingekuwa ya kweli, ningekuwa nimetenda kosa la jinai kwa posho yangu mwenyewe. Uongo wa mwuzaji ndio ulioniokoa. Nawaambieni kwa aibu, wala sijivuni.

Lakini sheria haikuwa jambo lililonichoma zaidi. Lililonichoma ni kwamba, kama nyota ingekuwa halisi, ningefurahi, na furaha yangu ingekuwa juu ya msiba wa nyumba fulani. Ikiwa ni bandia, nimeibiwa mimi; ikiwa ni halisi, huenda ameibiwa mwingine. Katika masomo yote matano ya mzee hakuna lililoniuliza swali la sita: imefikaje hapa?

Mzee alikipeleka kitabu kwa chama cha askari wa zamani cha mtaa wao. Ilichukua miezi minne. Siku moja akaja bwenini mama mmoja wa makamo, amevaa koti la kijivu, mkononi ana keki iliyofungwa kwa karatasi. Alikuwa binti wa yule aliyeandikwa kitabuni. Alisema nyota ya baba yake iliuzwa na kaka yake mwaka 1993, wakati pensheni ya mama yao ilikuwa haitoshi mkate kwa sababu ya kupanda kwa bei. Hakumlaumu. Alisema hata yeye alikula mkate ule. Nyota haikuonekana tena. Alichotaka ni kitabu tu, kwa sababu kina jina la baba kwa mwandiko wa kiserikali.

Alitaka kunirudishia fedha zangu, nikakataa. Basi akafungua mkoba wake akanipa beji nyepesi ya GTO, ile ya mazoezi ya viungo na ulinzi iliyoanzishwa mwaka 1931, ambayo aliipata mwenyewe alipokuwa msichana wa shule kwa kukimbia na kuruka. Ndiyo hii niliyoivaa kotini leo. Haina thamani sokoni. Katika vyote nilivyokusanya ni hii moja tu ninayoweza kusema bila wasiwasi imetoka kwa nani na kwa nini.

Nilimwuliza baba yake alipewa nyota kwa jambo gani. Akasema hawajui. Walipokuwa watoto walimwuliza kila sikukuu ya ushindi, naye alijibu, "Nilipika uji tu," kisha akatoka nje kuvuta sigara. Wao walidhani ni mzaha wa mtu asiyetaka kukumbuka vita.

KARATASI ILIYOSEMA

Kitabu cha nishani husema nani na nini, ila hakisemi kwa nini. Na metali husema machache zaidi. Kuanzia mwezi Juni 1944 Nyota Nyekundu ilitolewa pia kwa utumishi wa miaka 15 jeshini, na utaratibu huo ulidumu hadi miaka ya 1950 ilipokuwa inaishia. Kwa hiyo nyota mbili zinazofanana kama mayai, moja yaweza kuwa ya mtu aliyezima kifaru, na nyingine ya mtu aliyetunza ghala vizuri kwa miaka 15. Jibu liko kwenye pendekezo la kamanda, karatasi iliyoandikwa wakati ule ule na kuhifadhiwa katika jalada. Nyaraka nyingi za aina hiyo zimehifadhiwa katika mji wa Podolsk, karibu na Moscow, kwenye Hifadhi Kuu ya Wizara ya Ulinzi, na tangu mwaka 2010 wizara hiyo ilianza kuziweka nakala zake wazi ili wananchi wazisome kwa kompyuta.

Mwaka 2016, nikiwa tayari mtumishi hapa nyumbani, nilikaa usiku mmoja nikatafuta jina lile. Nikalikuta. Namba ya nyota ilikuwa ile ile ya kitabuni. Na pendekezo la kamanda lilisema kwamba askari huyo, mpishi wa kikosi, kwa siku kadhaa mfululizo alibeba mgongoni chakula cha moto mpaka kwenye mahandaki ya mbele huku mizinga ikipigwa, na kwamba alijeruhiwa bila kuacha chakula kimwagike.

Alisema kweli. Alipika uji tu.

Nikachapa ukurasa ule nikautuma kwa barua. Jibu lilichukua muda, likaandikwa na mjukuu. Alisema mama yake ameisoma karatasi mara tatu, ameiwekea kioo na fremu, na ameitundika jikoni, si sebuleni.

NENO LA MWISHO

Ndugu zangu, mtaniuliza haya yanatuhusu nini sisi. Mimi kazi yangu ni kumbukumbu za watumishi. Mtakumbuka uhakiki wa vyeti wa mwaka 2017. Nilikaa mbele ya mafaili mengi wakati ule, na masomo ya mzee yalinifaa kuliko semina yoyote: tazama karatasi, tazama namba, tazama kama zama zinapatana, geuza uone mgongo, kisha linganisha na leja ya aliyetoa. Lakini tahadhari yake ilinifaa zaidi. Niliwahi kuona faili la mtu ambaye herufi moja ya jina lake ilitofautiana na ya kwenye cheti, na ilikuwa rahisi mno kumwita mdanganyifu. Leja ya shule aliyosoma ilionyesha ni kosa la karani. Leja ile ingekuwa imeliwa na mchwa, yule bwana angepoteza kazi ya miaka 20.

Kwenu wanafunzi nasema mambo mawili. La kwanza, nendeni nyumbani mkaulize. Askari wa King's African Rifles kutoka nchi zetu walipigana Burma mwaka 1944, na zipo familia zenye Nyota ya Burma ndani ya sanduku. Waingereza walizitoa nyota zile bila kuchonga jina la mtu. Asipokuwapo wa kuandika ilikuwa ya nani, baada ya kizazi kimoja inakuwa kipande cha metali chenye utepe. Andikeni sasa, wangali hai wanaokumbuka. La pili, siku moja mtavaa alama za kwenu, za vyeo au za elimu. Hakikisheni karatasi ya mahali fulani inaziunga mkono.

Kwenu kaka zangu wahitimu nasema hivi. Leo asubuhi nilitazama ubao wa heshima pale ukumbini, nikaomba kuona leja za wanafunzi za zamani. Nimeonyeshwa. Ziko kwenye masanduku ya karatasi sakafuni, na mbili zimekwisha anza kuliwa. Majina yaliyo ubaoni yamechorwa kwa dhahabu, na ushahidi wake unaliwa na mchwa. Wenzangu wanne wa darasa letu tumekubaliana kununua kabati la chuma. Nawaombeni madarasa mengine mtuongeze la pili, na mtu wa kuzinakili.

Sasa nyota imenirudia, imepita mikono yote. Wangapi waliona kovu la sindano? Wangapi waliigeuza? Vema, nimehesabu. Naiacha hapa shuleni, chumba cha historia, pamoja na kioo cha kukuzia alichonipa yule mzee siku niliyoondoka. Nimeandika mgongoni kwa rangi nyeupe neno BANDIA, ili atakayeikuta miaka 50 ijayo asije akadanganyika kama mimi. Beji ya GTO nitaendelea kuivaa.

Na kabla hatujaondoka, Ndugu Mwenyekiti, naomba tuwapigie makofi wapishi wetu, ambao wametulisha leo watu wote hawa na hawakutajwa kwenye ratiba.